Siku Mwenyekiti Aliposimama Mbele ya Mama

Juzi mjini Mbinga nilimwona mwenyekiti wa halmashauri akisimama kumjibu mama muuza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kuhusu soko, nikakumbuka harufu ya maganda ya kahawa kule kwetu Maguu. Mchana mmoja nikiwa mtoto, kwenye mkutano wa kijiji kando ya mashine ya kukoboa kahawa, mama yangu alinyoosha mkono, mdogo wangu akiwa mgongoni.

"Shikamoo mwenyekiti. Yale matofali ya zahanati tuliyobeba kichwani yamekwenda wapi?"

Mwenyekiti wa kijiji alisimama taratibu, akavua kofia, akaanza kujieleza.

Shuleni tulisimama hivyo mwalimu akituuliza swali. Kumbe mama ni mwalimu! Jioni nilimpelekea daftari langu asahihishe. Alilishika juu chini, akalitazama kwa makini, kisha akasema, "Yule bado hajajibu. Kesho namfuata ofisini."