Mmea wa mama mkwe, dirisha la kusini, na asubuhi niliyonaswa Nabuyonga

Wakuu, salaam kutoka Jinja.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Kama ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi, kwa hiyo mniamini tu.

Nina digrii ya chuo kikuu. Naanza na hilo kwa sababu shemeji yangu naye huanza na hilo kila anaponicheka.

Mke wangu, Mama Zulfa, ni Mgisu wa Mbale, mtaa wa Nabuyonga. Mimi ni Mnubi, mjukuu wa askari waliotoka Sudani wakasahau kurudi. Kaka yake, Mafabi, fundi simu, ananiita Afande, ingawa silaha kali kuliko zote nilizowahi kushika ni stepla.

Sasa, mama mkwe alikuwa anabadilisha dari na kupaka nyumba rangi. Sebuleni kwake kuna ua ambalo marehemu baba mkwe alilipanda kwenye ndoo ya plastiki. Majani mapana kama sinia, yana matundu. Mtandaoni linaitwa monstera. Ukweni linaitwa Mzee, kwa heshima ya aliyelipanda, na hakuna anayecheka akilitaja.

Vumbi la mafundi lingemuua Mzee. Ikabidi ahamishwe.

Kila mtu alijua ataenda kwa Mafabi. Mama mkwe akasema hapana, aende Jinja kwa mkwe wake, yaani mimi.

"Kwa Afande?" Mafabi akapiga kelele. "Mama, watu ya bunduki najua maua?"

Mama hakubadili neno. Basi mnaona uzito wake. Alikuwa amenikabidhi mume wake mbele ya ukoo mzima.

Hapa niwaeleze jambo kwa wasiojua mila za huko. Mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, wala hawasemezani moja kwa moja. Dini yangu inaniruhusu kumwona, nimeuliza mpaka kwa shehe. Mila ya Wagisu hairuhusu, na shehe si yeye anayepikiwa ukweni.

Kwa hiyo kumuuliza mama "huyu Mzee anataka mwanga kiasi gani?" haikuwezekana. Ningeweza kumtuma Mama Zulfa. Lakini msomi haulizi, wakuu. Msomi anasoma.

Nikaingia intaneti. Wote wanasema kitu kimoja: mwanga mwingi, lakini jua lisimpige moja kwa moja. Na wote wanamalizia: dirisha linaloangalia kusini ndilo bora.

Nikatafuta dirisha la kusini kwa dira ya simu. Kumbe ninalo, kwenye korido, linatazama ukuta wa jirani. Nikamweka Mzee hapo, nikajipongeza.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba walioandika wanaishi kwenye theluji. Kwao jua linapita upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko kwenye ikweta, jua linapita utosini, na mwezi ule wa sita lilikuwa limeegemea kaskazini kabisa. Nilijifunza hayo shule ya msingi. Nikayafaulu.

Mzee akaanza kupauka. Akarefuka shingo, akainama kama mtu anayetafuta network.

"Baba Zulfa, Mzee anainama."

"Anazoea mazingira."

"Hata marehemu mwenyewe alipolazwa mlisema anazoea."

Nikaogopa. Na mtu akiogopa hafanyi jambo kwa kiasi. Nikamtoa Mzee gizani, nikampeleka moja kwa moja barazani upande wa magharibi, jua la mchana la Jinja likimtazama machoni.

Niliporudi kutoka kazini majani yalikuwa na mabaka meupe, makavu kama karatasi ya kufungia chapati. Baada ya siku chache yakawa kahawia.

Ndipo Mafabi akapiga simu. Nyumba imekwisha, mama anamtaka Mzee wake.

"Nenda ukaseme mwenyewe," mke wangu akaniambia.

"Mwenyewe vipi, na mama yako hatuonani?"

"Mtaona mtakavyofanya. Mimi simo."

Nikaenda Mbale, nikalala kwa Mafabi. Alfajiri akanipeleka kwa mama, akaniketisha sebuleni mama akiwa bado jiko la nje, akasema "Afande, nakuja sasa hivi", akaenda kufungua duka lake. Wakuu, sasa hivi ya fundi simu mnaijua.

Mara nikasikia mkeka unatandikwa nje. Mama mkwe amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Mlango wa nyuma umezibwa na ngazi na makopo ya rangi. Siwezi kutoka bila kumpita.

Nikanaswa. Nadhani alijua.

Baada ya muda nikasikia sauti yake, akimsemesha kuku aliyepita hapo: "Wewe kuku, uliza mutu ya Jinja kama nakunywa chai."

Kuku hakusema kitu. Nikajibu: "Kuku, mwambie mama nimekunywa, nashukuru."

"Kuku, uliza yeye, Mzee iko namna gani?"

Nikasema, "Mwambie... anapumzika."

Maharagwe yakanyamaza.

Nilikuwa sina pa kutazama ila sakafuni. Na pale sakafuni, karibu na dirisha la mashariki, niliona alama ya duara. Ndoo ya Mzee ilikaa hapo miaka.

Nikaitazama alama ile kwa sababu sikuwa na kazi nyingine duniani. Jua la asubuhi liliingia kupitia pazia la leisi, likakatikakatika vipande vidogo, likatambaa juu ya duara. Kabla ya joto kuwa kali, ukingo wa mabati ukalikata, likaondoka. Lakini chumba kilibaki cheupe, ningeweza kusoma gazeti.

Ndio huo mwanga ambao nilikuwa nimeusoma kurasa na kurasa. Sikuwahi kukaa chini nikauona.

Nikamuuliza kuku kama mama aliweka leisi kwa ajili ya Mzee.

"Nani? Leisi ni ya majirani. Hao napenda kuhesabu nyama kwa sahani yangu."

Kumbe hata yeye hakujua. Nikapata nguvu.

"Kuku, mwambie mama Mzee ameungua. Nimemuunguza mimi, si mtu mwingine."

Nikasikia maharagwe yanaanza tena kudondoka.

"Uliza yeye, roho iko?"

Nikakumbuka ile ncha ya kijani katikati, haikuguswa. "Iko."

"Basi arudishe na roho."

Nikarudi Jinja. Nikamhamishia Mzee chumbani kwetu, dirisha la mashariki, nikatundika kipande cha chandarua badala ya leisi.

"Yaani Mzee analala kwenye neti, sisi tuliwe na mbu?" mke wangu akauliza. Nikamwambia mbu hawana ukoo Nabuyonga.

Ilichukua wiki nyingi, na mama alisubiri bila kulalamika, jambo lililoniumiza kuliko matusi. Kisha jani jipya likachomoza, limejikunja kama mkeka. Lilipofunguka lilikuwa na matundu yote.

Tukamrudisha. Mafabi alimpokea getini: "Afande, huyu Mzee Mama alikupa wewe, wewe nampeleka vita?"

Funzo nililopata, wakuu: kabla ya kuuliza dunia mmea wako unataka mwanga gani, kaa asubuhi nzima pale mmea huo ulipostawi. Na maelekezo yoyote yanayotaja kusini, uliza kwanza ni kusini ya nani.

Wenye maua ndani, na wenye wakwe, karibuni mchangie. Wa kunicheka nao waje, foleni inaanzia kwa Mafabi.

Mtakaouliza mama alisema nini: hakusema. Ila mafundi wa maua walimshauri akate jani lililoungua, akakataa. Ameigeuza ndoo, majani mazima yanatazama dirisha, na lile bovu linatazama kiti ninachokalia nikienda ukweni.