Gogo Lililonyooka

Wabeba mizigo wenzangu pale sokoni Warwick walisema mwenye diploma kama mimi hawezi michezo ya nguvu ya Waskoti, ile ya kurusha gogo refu lipinduke hewani. Mmoja, jitu la mabega mapana, alinicheka mbele ya wateja: "Kaka, we uko mtu ya kalamu. Gogo itakuvunja."

Siku ya mashindano ikabaki nafasi moja ya fainali, mimi na yeye sawa kwa pointi. Gogo lake lilipinduka, likaenda mbali, lakini likalala upande. Langu lilipinduka pia, likalala karibu, limenyooka mbele yangu kama mshale wa saa sita. Umbali hauhesabiwi, ni unyoofu tu; mwamuzi aliyesimama nyuma yangu akanipa nafasi.

Nilimfuata, wenzake wakisikia. "Pole, kaka. Kesho nikitaka mtu wa kunibebea mzigo, nitakuita."

Akainamisha kichwa. Nilifurahi, na hata sasa, nikiwa nyumbani, nafurahi.