Chungu cha Rafu ya Juu

Mwalimu wetu wa ufinyanzi hamwambii mtu kwamba amekosea. Chungu cha mwanafunzi kikipinda, husema, "Udongo umechoka leo," kisha hukigusa kwa kidole gumba chake, kilichopasuka kama kisigino, na chungu kikanyooka. Mikono huifutia mapajani, ingawa taulo liko begani. Kila mwisho wa somo hukikata kwa waya chungu alichofinyanga mwenyewe, toka mdomoni hadi kitakoni, tuone unene wa ukuta. "Tazameni tumbo lake," husema, na vipande huvitupa kwenye ndoo bila kuvitazama mara mbili.

Wiki iliyopita alichelewa, na wanafunzi wapya walikuwepo. Mimi, fundi wa miezi miwili, nikajitia ujuaji. Nikashusha chungu chake kibichi kutoka rafu ya juu, nikapitisha waya. Alipoingia, vipande viwili vilikuwa mezani. Alisimama mlangoni, akaifuta mikono mapajani, ingawa siku hiyo mikono ilikuwa bado safi. Kisha akasogea.

"Tazameni tumbo lake," akasema taratibu. "Ukuta uko sawa toka chini hadi juu."

Akanikabidhi vile vipande. "Kanda, mwanangu, uutumie leo. Udongo wake mzuri."

Nilipovigeuza, nikaona maandishi yaliyochorwa kwa sindano kwenye kitako. Kipande kimoja kilikuwa kimeandikwa "Kwa", cha pili "Mama". Mwalimu alikuwa bado amesimama pembeni yangu, anasubiri. Nikakanda.