Fundi wa madishi anayesubiri neno moja kutoka kwa watoto wake

Saa tatu asubuhi, Evarista Kalinga yuko juu ya paa la bati huko Kihesa, mjini Iringa. Spana iko mkononi, na upepo unavuta sketi aliyoivaa juu ya suruali. Chini, mama mwenye nyumba ameshika ngazi huku akichungulia barabarani kama mtu anayeiba kwake mwenyewe.

"Geuza kidogo tu, dada fundi," anasema kwa sauti ya chini. "Watoto wakirudi shule nitawaambia ni upepo."

Evarista analegeza nati, anasukuma dishi upana wa vidole viwili, kisha anakaza. Ndani ya nyumba picha imepotea. Kazi haikufika dakika kumi.

Mwanamke huyu mwenye umri wa miaka 42 ameifanya kazi hii kwa miaka kumi na minne. Zamani aliitwa kurekebisha picha tu. Siku hizi, hasa mitihani inapokaribia, kati ya wateja wake kumi wa wiki, wawili au watatu ni wazazi wanaotaka ipotee. Malipo ni shilingi elfu tano, sawa na ya kuirudisha.

"Wanaogopa kuizima wenyewe," anasema. "Mtu anamwogopa mtoto aliyemzaa. Basi upepo wa Iringa ndio unabeba lawama."

Anacheka kidogo, kisha anakunja waya. Ukimuuliza habari za nyumbani kwake, anaanza kwa kutazama pembeni.

Evarista ni mjane. Ana watoto wawili, Devota wa miaka 16 na Aroni wa miaka 13. Miaka miwili iliyopita alimleta mama yake mzazi, Bibi Bertha, kutoka Nyololo wilayani Mufindi, baada ya presha ya macho kumpofusha kabisa.

Kabla ya hapo watoto walikuwa wakienda Nyololo kila likizo. Walipukuchua mahindi jikoni pamoja na bibi yao, wakigombania nani akae karibu naye, na kurudi mjini ilikuwa kilio. Evarista aliamini kwamba bibi akihamia kwao watoto watafurahi kila siku.

Runinga hakuiwaza, ingawa aliifunga kwa mikono yake.

"Mwanzoni mama alikuwa anauliza, huyo anayelia kwenye TV ni nani? Watoto wanamwambia," anasimulia. "Baadaye wakawa wanasema, bibi, subiri tangazo. Tangazo likija, wanashika simu. Mwisho mama akaacha kuuliza."

Devota alianza kujibu watu kwa maneno ya wasichana wa kwenye tamthilia za nje zilizotafsiriwa. Siku moja bibi alimsalimu "kamwene", salamu ya lugha ya kwao, mbele ya rafiki zake. Msichana akamwambia aseme Kiswahili, anamwaibisha.

Kisha ikaja jioni ya mwezi wa tano. Evarista alikuwa Ipogolo kwa mteja. Bibi Bertha aliomba chai, hakujibiwa. Akaipapasa chupa mwenyewe na kujimwagia mguuni. Watoto wote wawili walikuwa chumba hicho hicho, kwenye tamthilia kulikuwa na harusi.

"Nilimkuta amekaa kimya, mguu umetoka malengelenge," anasema Evarista. "Namuuliza Aroni, hukumsikia bibi? Akasema alisikia, alidhani ni kwenye TV."

Anajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Kesho yake alipanda juu ya paa lake mwenyewe, akageuza dishi. Alidhani watoto watakosa pa kutazama na watamrudia bibi yao. Hilo ndilo kosa analojilaumu nalo hadi leo. Watoto walikwenda kutazama kwa jirani. Kwa siku nne walirudi kula na kulala tu, na bibi akabaki sebuleni peke yake tangu saa tisa mchana.

Siku ya tano Bibi Bertha alimwita binti yake.

"Mwanangu, warudishie TV yao," anasimulia mwenyewe bibi huyo, ambaye tulimkuta amekaa kwenye kiti cha mbao, mguu ukiwa umepona na kuacha baka. "Angalau nilikuwa nawasikia wakicheka. Ila mimi unipeleke nyumbani kwangu Nyololo. Kule hata nikikaa peke yangu, najua niko peke yangu."

Picha ilirudi siku hiyo hiyo. Safari ilisubiri mguu upone, na sasa imepangwa, basi la Jumamosi hii asubuhi. Jirani wa Nyololo, Mama Lea, ameahidi kumpikia, lakini Evarista hapati usingizi akifikiria jiko la kuni na mtu asiyeona.

Amemsihi mama yake abaki, amekataa. Anasema neno la Evarista halitoshi, kwa sababu Evarista hakuwahi kumwacha; waliomwacha ni wajukuu. Watoto waliambiwa Jumatatu kwamba bibi anaondoka. Devota aliuliza nani atahamia chumba cha bibi. Aroni alisema "sawa", macho yakiwa kwenye kioo cha TV.

"Ningeweza kuwaambia, nendeni mkamwombe bibi abaki, na wangekwenda," anasema Evarista. "Lakini mama angejua wametumwa. Kwa hiyo sisemi. Natumaini mmoja wao atakwenda mwenyewe amwambie, bibi, usiondoke. Hata Aroni peke yake. Akisema hivyo, najua mama atafungua begi alilokwisha kufunga."

Tulipoagana naye ilikuwa Alhamisi jioni, na bado hakuna mtoto aliyemwambia bibi neno hilo.