Mguu wa Bikira Maria wa Lusewa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga magoti, nikachekwa. Nilikuwa nimeingia karakana ya misheni hapa Songea, nikamkuta Mtakatifu Yosefu amesimama juu ya meza, bado hana macho. Bruda, msimamizi wetu, akanigusa bega. "Inuka, kijana. Huyo bado ni mti wa mninga tu. Na hata akishabarikiwa, tunayemwomba yuko mbinguni, hayuko mezani."

Maneno hayo niliyashika kupita kiasi. Nilijifunza patasi, kisha tupa, kisha msasa, ile karatasi ya kulainishia mti, na mwishowe rangi. Sanamu iliyobarikiwa ikioza tuliichoma, majivu tukayafukia, maana jalalani haitupwi. Mimi nilifanya hivyo kwa utii tu. Moyoni nilisema mti ni mti, basi.

Mwaka mmoja Baba Paroko wa Lusewa aliniita nikamtengeneze Bikira Maria wa kanisani kwake. Mguu wa kulia ulikuwa umelika, vidole havionekani, kwa kuwa akina mama waliushika kila walipoleta shida zao. Niliona aibu kwa niaba ya fundi aliyemchonga. Nikajaza unga wa mbao na gundi, nikatoa vidole vitano, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Ilikuwa kazi safi, nasema bila haya.

Jumapili, baada ya misa, Mama Longina, mkulima wa pale, alikuja kuushika. Mkono wake ukasita.

"Nani kafanya hivi?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba." Hakuniangalia. "Mama yangu alikuwa akinishika mkono tunauweka hapo pamoja. Alifia safarini, kaburi lake silijui. Nilikuwa naye hapa tu, mwanangu. Sasa umemfuta."

Nilirudi Songea, nikamweleza Bruda nikitegemea atanitetea.

"Nilikwambia mti si Mungu," alisema. "Sikukwambia kwamba hauna wenyewe. Rudi ukaombe radhi."

Nilimkuta Mama Longina jioni akipalilia mahindi. Nikamwomba msamaha, nikamwambia ukweli kwamba kilichoondoka siwezi kukirudisha. Yeye akalaza jembe chini, akasema, "Twende kanisani."

Siku hizi nimestaafu, nakaa Mshangano, hapa hapa Songea. Jirani yangu, mwalimu aliyehamia kutoka mkoa mwingine, asiyesali kwetu, huniuliza kwa upole kama siogopi kwamba nilitumia maisha yangu kuchonga miungu. Nampenda kijana huyu, kwa hiyo sibishani naye. Namwambia mti hauna utakatifu wake wenyewe, halafu namsimulia jioni ile.

Mama Longina aliuchukua mkono wangu, huu wenye makovu ya patasi, akauweka juu ya mguu niliouharibu, na wa kwake akauweka juu ya wangu. "Mama alinishika hivi," alisema. "Haya, tuanze tena." Nililia pale, mtu mzima mimi, na yeye hakuuondoa mkono wake mpaka nilipomaliza.