Mfupa wa Shingoni

Nikichemsha mifupa ya supu, ile harufu hunirudisha darasani. Tulikuwa tukirudia maneno ya Kiingereza, koo likanikauka, nikaomba maji kwa Kiborana. Mwalimu akanifunga mfupa wa ng'ombe shingoni, niuvae mpaka mtoto mwingine aongee lugha ya kwao. Nikafika nao nyumbani. Mama akakata kamba.

"Mtoto wangu si mbwa," akasema, akamtupia mbwa wetu ule mfupa.

Asubuhi mwalimu akanifukuza. "Usirudi bila ule mfupa."

Mbwa alikuwa ameumaliza. Mama akanikabidhi mbuzi niwachunge, na shule ikaishia hapo.

Sasa mimi ni bibi, na mjukuu wangu anafanya mazoezi ya Kiingereza kwa simu.

"Akoo, jaribu na wewe. Sema maji kwa Kiingereza."

Napapasa shingo. Namwambia akoroge supu.