Tulivyoshuka Kinyumenyume Ndani ya Moshi

Motokari ya baba yangu ilivuta sigara yake kila asubuhi, ikimaliza inatulia. Ndivyo mama alivyosema, na alisema kwa chuki. Ikiwashwa tu, wingu la bluu lilifunika ua mzima pamoja na nguo zilizoanikwa, kisha moshi ulikatika na gari likaendelea na siku yake kana kwamba si lenyewe.

Mama alitaka ligeuzwe banda la kuku. Alishalipima kwa kamba. Baba alitaka litengenezwe ili aendelee kuliendesha kila Ijumaa, kutoka kwetu Fizi mlimani hadi Baraka ziwani, kumwona dada yake mkubwa. Walikubaliana jambo moja tu: fundi aje aamue. Ugonjwa ukiwa ndani kabisa ya injini, kuku wataingia. Ukiwa juu tu, baba atarudi barabarani. Mimi, mtoto wao wa kwanza, niliyefundishwa usukani na baba mwenyewe, nilikuwa upande wa baba, na mama nilimwona mkorofi.

Majirani hawakumngoja fundi. Mmoja alisema tumeuziwa mafuta yenye maji. Mama mmoja wa kwaya alinusa moshi, akafumba macho, akasema huu ni wivu wa watu. Mwingine alishauri tubadilishe honi, kwa sababu kwake ilisaidia.

Fundi alipanda kutoka Baraka kwa pikipiki, suruali imepigwa pasi, anaringa kama bwana harusi. Alifungua buji, vile vidude vya kutoa cheche. Ya mbele ilikuwa imelowa mafuta, nyingine zote zilikuwa kavu.

“Munasimamishaka motokari namna gani?” aliuliza.

“Pua chini,” baba alijibu. “Kama batu bote.”

Kweli, kwetu betri ni pambo. Mwenye gari huliacha likiangalia mteremko, asubuhi anaachia breki, likishika mwendo anaingiza gia na injini inaamka. Kuegesha pua juu ni kujitafutia kazi.

“Basi leo mutaiacha pua juu,” fundi alisema. “Mafuta yenye kutoka juu, kwa gidi, inafuataka mteremko. Yenye kutoka chini, kwa segma, haina habari na mteremko.”

Segma ni pete za pistoni. Zikiisha, injini nzima inafumuliwa. Gidi ni vijibomba vinavyoshika supapu, yale malango ya hewa kule juu. Vikilegea, mafuta yanadondoka polepole gari likiwa limepumzika. Basi kama kesho yake italowa buji ya nyuma badala ya ile ya mbele, ugonjwa ni gidi. Nilipenda sana akili hiyo. Tuligeuza gari kwa kulisukuma, majirani wote, hata yule mama wa wivu. Hakuna aliyeuliza litawashwaje.

Asubuhi tukakumbuka. Gari lilikuwa linaangalia kilele cha mlima, na hakuna aliyewahi kuviringisha gari kwenda juu. Baba hakusumbuka: ataingiza gia ya kurudi nyuma, ashuke kinyumenyume. Mama akakataa kubaki.

“Hakuna mutu atanielezea moshi,” alisema. “Mi nitaiona na macho yangu.”

Akapiga magoti juu ya kiti cha nyuma, uso kwenye kioo, nami nikapiga magoti kando yake. Fundi, aliyetaka moshi kwanza na buji baadaye, alisimama nyuma ya bomba ili asome rangi. Hakufikiri kwamba gari lilikuwa linakwenda upande wake.

Baba aliachia breki. Mwendo ulipokolea akaingiza gia, injini ikakohoa, bomba likatapika. Ubaya wa kwenda kinyumenyume ni kwamba bomba ndilo linatangulia. Moshi ulitoka, nasi tukaufuata ndani. Nilimwona fundi akikimbia na suruali yake ya pasi, kisha sikumwona tena. Sikuona mbuzi, sikuona njia, sikumwona hata mama, ila nilimsikia akimwita Yesu. Baba alikata kushoto penye shimo, kulia penye matofali ya jirani, taratibu, akasimamisha gari kwenye uwanja wa kanisa bila kugusa hata jani.

Moshi ukakatika. Fundi alitoka mtaroni, akafunua injini, akainua buji ya nyuma inayong'aa mafuta. Ya mbele ilikuwa kavu.

“Iko gidi!” alipaza sauti. “Tutafungua kichwa tu. Moteri iko muzima!”

Majirani waliotukimbilia wakashangilia. Nilimkumbatia baba toka nyuma ya kiti chake, furaha imenijaa.

“Baba, uliona njia namna gani na moshi ile?”

“Moshi gani?”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

“Nilisikia harufu,” alisema. “Kuona, mi naonaka vile siku zote. Njia hii naijua na kichwa.”

Mama alikuwa bado amepiga magoti, na hakushtuka. Alijua muda mrefu kwamba macho ya baba yamekwisha. Banda la kuku lilikuwa namna yake ya kumbakisha mume wake nyumbani bila kumtia haya. Nami niliwaza zile Ijumaa zote, mteremko wote ule, pikipiki na watoto wa shule.

Nje, fundi aliendelea kuwafundisha watu habari za gidi. Baba alikaa na mikono kwenye usukani. Kisha akashuka, akazunguka gari akilipapasa kwa kiganja, taa, boneti, taa ya pili, mpaka akaufikia mlango wa abiria. Akatafuta kitasa, akafungua, akakaa.

“Mutoto yangu,” alisema, “kuja huku mbele. Ni we utanipeleka Baraka.”